Kupiga kafi Mediterania: Gozo, Menorca au Ghuba ya Orosei?

Asubuhi ya kwanza kisiwani Gozo, mama mdogo alisimama kwenye miamba ya Xwejni, khanga ameifunga juu ya sweta, akayatazama maji kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huku maji yanakupwa saa ngapi?"

"Hayakupwi, mama mdogo. Hapo yalipo ndipo utakapoyakuta jioni."

Hakusadiki. Yeye ni mzaliwa wa Pangani, amekulia kwenye kuokota kombe na kuchokoa pweza maji yakitoka, na bahari isiyotoka haikumwingia akilini. Saa kumi na moja jioni alirudi palepale, akaitafuta alama aliyokuwa ameiweka kwa jiwe. Maji yalikuwa yamesogea kiasi cha shubiri.

Kwa mtu wa mwambao wetu hiyo ndiyo tofauti ya kwanza, na inagusa kila kitu katika safari ya kayaki. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukikosea saa unaburuta mtumbwi matopeni, au mwamba uliopita juu yake asubuhi unaukuta umekaa wazi. Mediterania unaingia majini saa yoyote, unashuka popote penye mchanga, unaivuta kayaki hatua kumi tu na unakwenda kula. Lakini raha hiyo ina bei yake. Mwenye amri kule ni upepo, na upepo wa kule hauna kalenda. Kaskazi na kusi vina miezi yake, na mvuvi yeyote wa Pangani atakutajia. Kule upepo unaweza kulala tangu alfajiri, ukaamka saa nane mchana, na usiku ukageukia upande mwingine kabisa.

Kwa hiyo ndugu na marafiki wanaponiuliza kati ya Gozo, Menorca na Ghuba ya Orosei ya Sardinia, kisiwa cha Italia, ni wapi pazuri zaidi, mimi huwauliza kwanza: siku upepo utakapokataa utashukia wapi, na ukishashuka utafanya nini? Picha za sehemu zote tatu ni za maji ya buluu na miamba myeupe, na hazitakusaidia kuchagua. Nimepiga kafi Gozo na Menorca mara mbili kila kimoja, na Orosei mara moja. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijalipa nauli.

Gozo: kisiwa unachoweza kukizunguka upepo

Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Malta, kilomita za mraba 67 tu, na mwambao wake ni kama kilomita 43. Ukiwa na gari, kutoka ncha hadi ncha ni nusu saa hivi. Udogo huo ndio unaomfaa mgeni. Upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, ule wanaouita majjistral, unahamishia siku yako upande wa kusini, Hondoq ir-Rummien au kwenye hori jembamba la Mġarr ix-Xini. Ukivuma kutoka kusini-mashariki, unakwenda kaskazini, Marsalforn na Xwejni. Karibu kila siku kuna upande uliotulia, na kuufikia hakukugharimu siku nzima.

Kaskazini ndiko ningemwanzishia mtu ambaye hajawahi kushika kafi lenye bapa mbili. Mwambao uko chini, barabara iko karibu, na mashamba ya chumvi ya Xwejni, yaliyochongwa kwenye jiwe lenyewe, yanakufuata upande mmoja kwa muda mrefu. Ukichoka unashuka.

Magharibi, Dwejra, habari ni nyingine. Pale kuna kidimbwi cha maji ya bahari kilichozingirwa na nchi kavu, wao hukiita Bahari ya Ndani, na kinaungana na bahari kuu kwa pango refu kama mita 80 linalopenya mwamba. Kupita humo kwa kayaki, kwenye giza lenye mwanga wa buluu mbele, ni kitu ambacho sijakiona kwingine. Lakini ukitokea upande wa pili unakutana na majabali yaliyosimama wima, hakuna pa kushukia, na mawimbi yakigonga jabali yanarudi kukutana na yanayokuja, ukajikuta unatikiswa kutoka pande mbili. Nenda siku bahari imelala kabisa, au usiende.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa: lile tao kubwa la mwamba lililokuwa Dwejra, Azure Window, lilianguka baharini katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Bado nakutana na matangazo yanayolionyesha kana kwamba lipo. Anayeuza safari kwa picha ya kitu kilichoanguka miaka mingi, muulize kwa makini mambo mengine yote anayoyaahidi.

Watu wengi hutaka kuvuka kwenda Comino, kisiwa kidogo kati ya Gozo na Malta, kwa sababu ya Blue Lagoon. Maji yake ni mazuri kweli. Ila mkondo huo una meli za abiria na boti nyingi za kasi, na kayaki ni kitu kidogo kisichoonekana. Vuka na mwongozaji, saa moja asubuhi, uwe umekwishaondoka kabla boti za watalii hazijajaa. Tangu 2025 kuna utaratibu wa kujiandikisha mapema kwa wanaoshuka Blue Lagoon, kwa hiyo uliza kabla ya siku yenyewe.

Nchi kavu Gozo haina upungufu. Mahekalu ya Ġgantija yalianza kujengwa kama mwaka 3600 kabla ya Kristo, yaani yamezitangulia piramidi kubwa za Misri kwa karibu miaka elfu moja. Juu ya kilima cha Victoria kuna ngome, na ndani ya ngome hiyo kuna habari iliyomnyamazisha mama mdogo. Mwaka 1551 jeshi la Waosmani liliteka kisiwa na kuwachukua karibu wakazi wote, wapatao 5,000, kwenda kuuzwa utumwani Tripoli. Mtu aliyekulia karibu na Bagamoyo na Pangani anaisikia habari kama hiyo kwa sikio la ndani.

Halafu kuna lugha, na hapa naomba nikae kidogo. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na sisi tumekopa kwenye kisima hichohicho. Bahari kwao ni baħar. Sokoni mama mdogo alisikia muuza mboga akihesabu: sitta, sebgħa, disgħa. Akageuka kwa mshangao. Hamsini ni ħamsin, sitini ni sittin, mia ni mija, elfu ni elf. Kuanzia hapo hakutaka nimsaidie kununua kitu. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, magari hupita kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni zilezile za matundu matatu tunazotumia Kenya na Tanzania. Kwa anayetoka nje kwa mara ya kwanza na mzazi au watoto, mambo madogo hayo hupunguza uchovu mwingi.

Na usiondoke bila kutazama luzzu, mashua za wavuvi zilizopakwa rangi kali, zenye jozi ya macho kwenye omo. Aliyewahi kuona jahazi la Lamu lenye jicho lake mbele ataelewa kwa nini nilisimama pale muda mrefu.

Menorca: njia ya farasi inayozunguka kisiwa

Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua hiki, na sababu yangu kubwa iko nchi kavu.

Menorca ni kisiwa cha Hispania, kilomita za mraba kama 700, chini ya nusu ya Unguja. Kinazungukwa chote na njia ya miguu iitwayo Camí de Cavalls, kilomita 185, ambayo zamani ilikuwa ya walinzi waliopanda farasi kuchunga mwambao. Wapanda milima huisifu kwa mandhari. Mimi naisifu kwa sababu mpiga kafi wa Menorca hafungiwi na bahari. Upepo ukiamka umefika ufuo usio na barabara, unaivuta kayaki juu, unaifunga, unachukua chupa ya maji na unatembea. Baada ya saa moja au mbili utafika kwenye barabara au kijiji. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo, nikarudi kesho yake asubuhi kuichukua kayaki bahari ikiwa kama kioo. Hofu ya kukwama ikiondoka, mtu hupiga kafi kwa utulivu zaidi, na anayetulia hafanyi makosa mengi.

Kisiwa kina nyuso mbili. Kusini ni mawe ya chokaa, meupe, na hori baada ya hori lenye mchanga na misonobari: Galdana, Mitjana, Macarella, Macarelleta, Turqueta. Hizi ndizo fukwe za kwenye kalenda, na wakati wa kiangazi magari binafsi hayaruhusiwi kufika Macarella, watu hupanda basi kutoka Ciutadella na kusongamana. Mwenye kayaki akiondoka Galdana saa moja asubuhi anafika kabla ya basi la kwanza. Mbele zaidi upande wa mashariki kuna Cales Coves, ambako watu wa kale walichimba mapango kama 90 ya kuzikia katika majabali yaliyo juu ya maji. Kuyatazama kutoka nchi kavu si sawa na kuyatazama ukiwa umekaa majini chini yake, kimya, kafi limelala mapajani.

Kaskazini ni kama umehama nchi. Mwamba ni mweusi na mwekundu, miti ni mifupi na imeinama kwa upepo, mnara wa taa wa Cavalleria umesimama kwenye ncha tupu. Pregonda, yenye mchanga wa rangi ya kutu, ni mahali nitakaporudi nikijaaliwa. Ila upande huu ni wa tramuntana, upepo wa kaskazini unaoshuka kutoka Ufaransa na kuongezeka nguvu baharini. Ukivuma, kaskazini yote inafungwa, mara nyingi kwa siku mbili au tatu. Hapo ndipo unapofanya kama Gozo: unapanda basi kwenda kusini, ambako maji ya chini ya majabali yanaweza kuwa yametulia siku hiyohiyo. Tahadhari moja tu: huko kusini upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, kwa hiyo shikamana na ukuta wa mwamba. Ukijiachia mita 200 nje, unasukumwa kuelekea Algeria.

Nimesema bahari ile haikupwi. Kuna kasoro moja, na iko Ciutadella. Mara chache, hewa ikibadilika ghafla juu ya bahari, maji ya bandari ile ndefu nyembamba hushuka na kupanda kwa dakika chache tu. Wenyewe huita rissaga. Tarehe 15 Juni 2006 maji yalicheza kwa karibu mita 4, mashua nyingi zikavunjika na kuzama. Siku ikitangazwa tahadhari ya rissaga, usiweke kayaki wala mguu ndani ya bandari hiyo.

Kwa anayeanza, Menorca ina ghuba mbili nzuri. Fornells imefungwa karibu pande zote na ina kina kifupi, ingawa upepo huingia. Es Grau, upande wa mashariki, ina ufuo mpana wenye maji ya magotini na kisiwa kidogo mbele yake, Illa d'en Colom, unachofika kabla mikono haijachoka. Juu yake kuna mabaki ya kanisa la kale, na wasafiri waliwahi kuwekwa karantini pale katika karne ya 18.

Siku za upepo hutazijutia. Menorca ni kama makumbusho yaliyoachwa wazi mashambani. Majengo ya mawe ya watu wa kale, talayot na taula, yamezagaa kila upande, na mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Naveta des Tudons, kaburi la pamoja lenye umbo la mashua iliyopinduliwa, liko karibu na barabara kuu. Mji wa Maó umekaa juu ya bandari ya asili yenye urefu wa kama kilomita 5, na Waingereza, waliokishika kisiwa hiki mara tatu kati ya 1708 na 1802, ndio walioufanya makao makuu. Waliacha maneno: mbao za mkangazi huitwa moguini, na dirisha lililojitokeza nje ya ukuta ni boinder. Msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake imepokea wageni wengi na kuwavisha nguo za nyumbani, atayapenda maneno haya.

Viatu vya kienyeji, avarques, kwa desturi hutengenezwa kwa soli ya tairi. Nilimnunulia mjomba wangu jozi. Akaigeuza, akaitazama chini, akasema, "Hizi si makatambuga?"

Ghuba ya Orosei: kuta za mita mia tano

Hapa sitazunguka. Pwani ya mashariki ya Sardinia, kati ya Cala Gonone na Santa Maria Navarrese, ni pwani nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipitia kwa kafi, na pia ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo ningemkataza mtu kuanzia.

Ni kama kilomita 40 za majabali ya chokaa ya Supramonte, mahali pengine yakipanda mita mia kadhaa kutoka majini, yenye mapango, na fukwe chache zilizobanwa katikati. Barabara haishuki. Cala Luna, Sisine, Mariolu, Goloritzé: majina haya ndiyo vituo vyako, na kati ya kimoja na kingine unaweza kupiga kafi saa nzima au zaidi bila kuona mahali pa kuweka mguu. Simu nazo hupoteza mtandao chini ya majabali.

Safari ya siku moja kutoka Cala Gonone hadi Cala Luna ni kama kilomita 7 kwenda. Njiani kuna pango la Bue Marino, lililopewa jina la sili aliyekuwa akiishi humo, ambalo hutembelewa na mwongozaji. Sehemu hii ya kaskazini inawezekana kwa mtu wa kati, kwa sababu kuna kijia cha miguu kutoka Cala Luna hadi Cala Fuili, ambako lami inaishia. Mimi na mdogo wangu tulikitumia. Mtabiri alikuwa amesema upepo dhaifu wa magharibi, ambao kule milima huukinga. Saa sita mchana ukageuka ukatoka mashariki, na ghuba yote imeuelekea mashariki kama mtu aliyekaa mlangoni. Ndani ya dakika ishirini mawimbi yalikuwa yanavunjika ufukweni. "Kaka, twende kabla hayajakua," mdogo wangu akasema. Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu, tunatembea." Tulifunga kayaki juu kabisa karibu na vichaka, tukafika Fuili jioni miguu inauma. Aliyetukodisha asubuhi hakuwa ametuuliza hata kama tunajua kuogelea, wala hakututajia kijia. Tulikijua kwa sababu tulikuwa tumetazama ramani usiku uliopita.

Kusini zaidi vishuko ni vigumu. Goloritzé, yenye tao lake na nguzo ya mwamba inayopanda mita 143, ina njia ya kupanda hadi uwanda wa Golgo, karibu mita 470 juu. Kupanda huko jioni, umelowa, baada ya kutwa ya kafi, ni adhabu. Ufuo huo ulitangazwa mnara wa asili mwaka 1995, vyombo vya injini haviruhusiwi kuusogelea, na wanaoshuka kwa miguu hulipia na idadi yao kwa siku ina kikomo. Anayetaka kuufikia kwa kayaki aulize kwanza sheria za mwaka huo katika manispaa ya Baunei. Kulala ufukweni kumekatazwa Sardinia, kama ilivyo Menorca, na kubeba mchanga au kokoto kama kumbukumbu kuna faini ya euro 500 hadi 3,000. Watalii wamekwishatozwa.

Siku ya kutopiga kafi, Orosei inadai gari na miguu imara. Korongo la Gorropu lina kuta za mamia ya mita. Tiscali ni kijiji cha kale kilichojengwa ndani ya pango lililoporomoka paa. Ngome za mawe ziitwazo nuraghe ziko kama 7,000 kisiwa kizima, na iliyo maarufu kuliko zote, Su Nuraxi ya Barumini, iko katika Urithi wa Dunia tangu 1997, lakini ni mwendo mrefu kutoka ghuba hii. Mwenye mzazi asiyeweza kutembea sana hatapata mengi hapa siku bahari ikifungwa.

Wengine wataniuliza kuhusu Milos ya Ugiriki. Miamba yake ya volkano haina mfano, lakini Julai na Agosti, miezi ambayo wengi wetu tuna likizo, meltemi huvuma kutoka kaskazini siku nyingi mfululizo. Kwa mwenye likizo ya Mei au Septemba ningeipa makala yake.

Zikiwekwa pamoja

| | Gozo | Menorca | Orosei |
|---|---|---|---|
| Inamfaa | anayeanza, familia, wazee | anayeanza hadi wa kati | mwenye uzoefu, au pamoja na mwongozaji |
| Siku za kutosha | 4–5 | 7–10 | 5–6 |
| Upepo wa kuchunga | kaskazini-magharibi, kaskazini-mashariki | kaskazini | mashariki, kusini-mashariki |
| Ukikwama | barabara iko karibu, isipokuwa magharibi na kusini kwenye majabali | njia ya miguu kisiwa kizima | vijia vichache, vingine vikali |
| Bila gari | inawezekana | inawezekana kiangazi, kwa mabasi | taabu |
| Kufika | ndege hadi Malta, kisha meli dakika 25 | ndege, au meli kutoka Barcelona | ndege hadi Olbia, kisha barabara |

Meli ya kwenda Gozo kutoka Ċirkewwa hukulipisha unaporudi, si unapokwenda, kwa hiyo usihangaike kutafuta dirisha la tiketi.

Majira, chakula, karatasi

Mtu aliyezoea bahari ya nyuzi 26 au 28 mwaka mzima ajue kwamba Mei maji ya kule ni kama 18 au 19. Ukipinduka, kifua kinabana. Juni yanafika 21 au 22, Agosti 25 na zaidi. Mwezi wangu ni Septemba: maji bado yana joto la kiangazi, watoto wa Ulaya wamerudi shule, na bei za vyumba zimeanza kushuka. Oktoba mvua na dhoruba huanza, ingawa Gozo bado hupata siku nzuri.

Chakula kwa Muislamu kinahitaji macho. Menorca kuna keki ya kuzungusha inayouzwa kila duka la mikate, ensaïmada, nayo hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Jina lenyewe linatokana na mafuta hayo. Sardinia nyama ya sherehe ni mtoto wa nguruwe wa kuchoma, lakini mikate yao mikavu, pane carasau, na culurgiones, maandazi ya viazi na jibini yanayofumwa ncha kama suke la ngano, ni chakula kizuri, ila uliza yamekaangwa au kuungwa kwa nini. Gozo ni rahisi zaidi. Kuanzia mwisho wa Agosti kuna lampuki, samaki ambaye wavuvi wetu humwita felusi, na huvuliwa kwa kuweka makuti yanayoelea baharini ili samaki wakusanyike chini ya kivuli. Mama mdogo aliposikia jinsi anavyovuliwa alisema tu, "Wanajua kazi."

Nchi zote tatu ziko ndani ya Schengen, eneo la Ulaya lenye viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Ukiunganisha nchi mbili, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen haombi tena.

Na majini, popote utakapokwenda: jaketi okozi livaliwe, lisiwe mto wa kukalia. Upepo ukizidi kilomita 19 kwa saa kwenye utabiri, ambayo ni mwisho wa nguvu ya 3 katika kipimo cha upepo cha Beaufort, mgeni abaki ghubani. Hesabu mwendo wa kilomita 4 kwa saa, na usipange zaidi ya kilomita 12 kwa siku katika siku za mwanzo. Kayaki ya kukalia juu inamfaa asiyejua kuogelea vizuri, kwa sababu akianguka anapanda tena bila kumwaga maji. Namba ya dharura ni 112 nchi zote tatu. Italia walinzi wa pwani hupatikana pia kwa 1530. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, kifuani, maana kayaki ikikuponyoka huenda na vyote vilivyofungwa juu yake.

Unaponena na mkodishaji, muulize maswali matatu kabla ya bei: leo upepo unatoka wapi, nikikwama nashukia wapi, na nani atanifuata? Aliyenijibu vizuri kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Fornells, ambaye alichora jibu lake mchangani kwa ncha ya kafi, hori kwa hori, na mwisho akaniambia nirudi kesho.

Septemba ijayo mama mdogo anakuja tena, na safari hii tunakwenda Menorca. Tutakaa Maó, si mbali na Es Grau. Amesema atapanda kayaki iwapo maji yatakuwa ya kiunoni na mimi nitakaa nyuma yake. Nimekwishaandika kuuliza kama wanayo ya watu wawili yenye kiti cha kuegemea mgongo.